Pikapu za gitaa la Fender Stratocaster kwa sauti ya kale: za 1959, za 1965, au hambaka ndogo?

solo_wa_ilala
Wakuu, heshima kwenu. Nataka kubadilisha pikapu za gitaa langu (vile vinasa sauti vya sumaku na koili chini ya nyuzi) nipate sauti ya kale kwelikweli, ile ya solo la dansi la miaka ya 1960 na 1970: kavu, inang'aa, kila noti inasikika hata besi na tumba zikiwa juu. Nimebakiwa na chaguo tatu: seti ya koili moja ya mtindo wa 1959, seti ya mtindo wa 1965, au hambaka ndogo (pikapu za koili mbili) zinazoingia kwenye tundu la koili moja ili niepukane na muungurumo. Mwenye ujuzi anisaidie kabla sijalipia wiki hii.

fundi_koili
Karibu mkuu, ila umeficha nusu ya habari. Gitaa gani? Poti zake (vidhibiti vya volyumu na toni) zina thamani gani? Nyuzi za unene gani? Unapigia ampu au unachomeka moja kwa moja kwenye mikisa? Na bajeti ni shilingi ngapi, pamoja na usafirishaji na ushuru au bila? Bila hayo tutakutajia tu pikapu tunazozipenda sisi.

p90_daima
Hakuna hata moja kati ya hizo tatu. Weka P-90, koili moja pana. Kampuni ya Gibson walianza nayo mwaka 1946, mizunguko karibu 10,000 ya waya, sumaku mbili bapa chini ya koili. Ina mwili, ina makali, na ukipunguza volyumu hadi 7 inasafishika yenyewe. Koili moja ya Fender kwenye daraja ni nyembamba mno kwa solo la kubeba wimbo mzima.

Kisumu_ridhim
P-90 kwenye Stratocaster maana yake ni kuchonga mbao na kutengeneza bamba jipya la mbele. Jamaa kauliza pikapu, hakuomba useremala.

Kwa benga na dansi mimi nasema 1965 bila kusita. Mizunguko ilikuwa imepungua hadi karibu 7,600, wakati za mwanzo mwaka 1954 zilikaribia 8,350. Mizunguko ikipungua, nguvu inapungua lakini noti za juu zinafunguka. Ridhim ya kuchambua nyuzi mbili mbili inataka hivyo.

solo_wa_ilala
Samahani wakuu. Gitaa ni Squier Affinity, Strat ya bei nafuu. Poti sijui, ni zile ndogo za kiwandani. Nyuzi 9 hadi 42 (elfu za inchi). Ampu ni ya transista ya wati 40, ila ukumbini mara nyingi nachomekwa kwenye mikisa. Bajeti laki tano.

fundi_koili
Sasa tunaelewana. Twende kwa mpangilio.

Affinity inatoka na pikapu za sumaku ya seramiki. Geuza bamba la mbele uangalie chini ya pikapu: ukiona kipande cha sumaku bapa kimegandishwa chini, vile vichwa sita unavyoviona juu ni chuma tu, si sumaku. Chuma ndani ya koili kinapandisha induktansi (jinsi koili inavyozuia noti za juu), ndiyo maana sauti inabanwa na kuwa na pua hata mita ikisoma 6k. Pikapu ya kale ya Fender ina sumaku sita za alniko (alumini, nikeli na kobalti) zenyewe zimesimama ndani ya koili. Usidanganyike na ushauri wa kubandua seramiki na kubandika alniko bapa. Chuma kinabaki palepale, kwa hiyo hujapata pikapu ya kale.

Pili, usinunue kwa kusoma kilo-ohm (k) za ukinzani. Ukinzani wa shaba unapanda karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzijoto moja. Pikapu iliyoandikwa 6.0k kwa nyuzijoto 20 utaipima Dar kwenye 30 ikasoma karibu 6.24k. Watu hugombana na muuzaji kwa hilo na pikapu haina kosa lolote. Tazama aina ya sumaku, waya na idadi ya mizunguko. Waya wa kale ni namba 42 kwa kipimo cha AWG. Miaka ya 1950 ulipakwa Formvar (kihami cha plastiki), na kuanzia 1964 ukawa wa enameli ya kawaida, pamoja na vibao vya chini vya rangi ya kijivu.

Kwa laki tano: Seymour Duncan SSL-1 tatu zitazidi hata kabla ya ushuru. Fender Pure Vintage '59 na '65 ni nzuri kweli, lakini bei nayo ni hiyohiyo. Tonerider Pure Vintage ni alniko 5 na inaingia kwenye bajeti yako, inabaki na ya poti.

dada_lehemu
Hilo la poti lisipite kimya. Koili moja inataka 250k, hambaka 500k. Ukiweka 500k kwenye koili moja sauti inachoma masikio, halafu mtu anailaumu pikapu. Soma herufi pia: kwenye poti nyingi za Asia A ni ya logi na B ni ya mstari. Maduka ya vifaa vya umeme, Kariakoo au Luthuli Avenue, yamejaa B. Ukiweka B kwenye volyumu, kutoka 10 hadi 3 husikii tofauti kubwa, kisha ghafla inazima. Omba A250K, na upime shimo kwenye bamba kabla hujalipa, maana poti kubwa zina shingo nene kuliko ndogo.

Hambaka ndogo usichukue kwa sauti unayoitaka. Nyingi zinabeba waya mwembamba zaidi ili mizunguko ienee kwenye nafasi finyu, induktansi inapanda, na ule mng'ao ndio wa kwanza kuondoka.

mzee_wa_dansi
Dada, nakuheshimu, lakini mnatafuta sauti mahali isipotoka. Zile rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam bendi ilipiga nzima kwa pamoja, maikrofoni chache, mkanda unapokea kila kitu. Ule ukavu wa gitaa ni spika, chumba na mkanda. Weka pikapu ya milioni kwenye ampu ya transista yenye spika ngumu, hutaupata.

Kisumu_ridhim
Mzee wangu, shikamoo. Spika ni muhimu, sikatai. Lakini seramiki haiwezi kutoa kitu ambacho haina. Spika inachuja kinacholetwa.

mzee_wa_dansi
Marahaba. Basi aanze na waya wa gitaa, ni bei rahisi. Waya wa mita 6 wa kujikunja ni kapasita iliyofichwa.

fundi_koili
Hapo mzee kasema kweli na hesabu ipo. Koili ya kale ya Strat ina induktansi karibu henri 2.4. Ukijumlisha waya wa pikofaradi 500 na 100 za koili yenyewe, kilele cha sauti kinakaa karibu 4.2 kHz. Waya ukifikisha pikofaradi 1,000, kinashuka hadi karibu 3.1 kHz. Hiyo ni tofauti inayosikika na kila mtu ukumbini. Nyaya nyingi zinabeba karibu pikofaradi 100 kwa mita, zile mbovu zaidi ya hapo.

Na mikisa: ukichomeka pikapu isiyo na betri kwenye laini ya kilo-ohm 10, mng'ao unakufa kabisa. Inataka megaohm 1. Nunua DI (kisanduku cha kuunganisha gitaa na mikisa) yenye umeme wake, au pitia kwenye pedali yoyote yenye bafa, yaani saketi inayolinda mng'ao. Bila hivyo hutatofautisha 1959 na 1965.

nyuzi_kumi_na_mbili
Kitu kimoja. Pikapu za mtindo wa kale zina sumaku zilizopishana urefu, na ya uzi wa tatu imesimama juu kuliko zote, kwa sababu enzi hizo uzi wa tatu ulikuwa wa kuviringishwa waya mwembamba. Kwa seti ya 9, uzi wa tatu ni mtupu, kwa hiyo utapiga kelele kuliko wenzake. Isukume ile sumaku chini kwa milimita 2, kazi imeisha.

fundi_koili
Mkuu, TAFADHALI asifanye hivyo. Kuna gitaa lililetwa karakana baada ya ushauri huohuo. Kwenye pikapu ya kale hakuna bobini (kiunzi cha kuzungushia waya) ya plastiki: sumaku sita zimesimama kati ya vibao viwili vya faiba, na waya unazungushwa moja kwa moja juu ya sumaku zenyewe, katikati kuna ngozi ya laka tu. Waya wenyewe una unene wa karibu milimita 0.06. Unaposukuma sumaku, mizunguko ya ndani kabisa imeshikana nayo kwa laka na nta, inaburutwa, inakatika. Na mwanzo wa koili uko hukohuko ndani, kwa hiyo huwezi kuunga bila kufumua koili yote na kuzungusha upya.

Kilichochelewesha ugunduzi ni kwamba pikapu haikunyamaza. Koili iliyokatika bado inapitisha kidogo, sauti nyembamba isiyo na besi, kwa sababu mawimbi yanaruka pale palipokatika kama yanavyopita kwenye kapasita. Mwenyewe alidhani ni swichi, ikabadilishwa. Ikabadilishwa poti. Ikabadilishwa jeki. Gharama zote hizo, na kipimo kinachukua dakika moja: chomeka waya kwenye gitaa, volyumu 10, weka mita kwenye 20k, pima ncha na mwili wa plagi, pitisha swichi nafasi moja moja. Pikapu ya 6.0k itasoma kama 5.86k, kwa sababu poti ya 250k iko sambamba nayo. Ikionyesha imezidi kipimo, na ukipandisha mita hadi kipimo cha juu ikasoma karibu 250k, koili imekatika.

Kama uzi wa tatu unazidi, chukua seti yenye vichwa bapa (Duncan wanaiita SSL-2), au weka uzi wa tatu wa kuviringishwa.

nyuzi_kumi_na_mbili
Nilikuwa naongelea zenye bobini ya plastiki. Zile mara nyingi zinasogea bila shida.

fundi_koili
Sawa, lakini yeye anauliza za mtindo wa kale.

dada_lehemu
Akishafunga, urefu wa pikapu ndio unaoharibu kazi za wengi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya sumaku: milimita 2.4 upande wa besi, 2.0 upande mwembamba. Alniko 5 ikikaribia sana inavuta uzi, noti za juu shingoni zinayumba na hazikai kwenye tuni, hata ukirekebisha daraja mchana kutwa.

Na akinunua pikapu mbalimbali badala ya seti, apime ncha ya sumaku kwa dira kwanza. Mbili zikipingana, nafasi ya 2 na ya 4 za swichi, zinazounganisha pikapu mbili, zinatoa sauti tupu ya puani. Dawa ni kubadilishana nyaya mbili za pikapu moja.

Kisumu_ridhim
Pikapu ya kati iliyogeuzwa mwelekeo wa sumaku na waya ili kuua muungurumo, sauti si ya kale tena. Miaka hiyo zote tatu zilikuwa sawa, na swichi ilikuwa ya njia tatu hadi 1977.

dada_lehemu
Kaka, nyumba nyingi zetu hazina erthi ya maana. Muungurumo wa 50 Hz utamfukuza jukwaani. Pikapu iliyogeuzwa ikiwa peke yake inalia vilevile. Tofauti iko nafasi ya 2 na 4 tu, na huko ndiko anakonyamazishiwa kelele. Apake tundu utepe wa shaba pia, aunganishe vipande kwa lehemu, kisha waya mmoja kwenda mgongoni mwa poti.

p90_daima
P-90 mbili zilizogeuziana zinanyamaza pia mkiziweka pamoja.

solo_wa_ilala
Nashukuru sana wote. Hambaka nimeiacha. Nitaanza na DI na waya mfupi, halafu Tonerider au nijikusanye nipate '65, bado sijaamua. Uzi wa tatu wa kuviringishwa, seti ya 10 zipo?

nyuzi_kumi_na_mbili
Zinaanzia 11 kwa nyingi zinazopatikana. Tafuta za nikeli safi, si chuma kilichopakwa nikeli. Ukivuka kwenda 11, springi nyuma ziwe 4 au 5, la sivyo daraja litainuka, na shingo itataka kukazwa kidogo.

mzee_wa_dansi
Na kapasita ya toni je? Za kale zilikuwa mikrofaradi 0.1, siku hizi wanaweka 0.022. Nani amelinganisha kwa solo?

fundi_koili
Toni ikiwa 10 hutasikia tofauti. Ukishusha hadi 3, 0.1 inafunika zaidi na solo linazama chini ya besi. Ila mpiga ridhim mmoja atakwambia kinyume, mngoje Kisumu.