Mwalimu anayehangaikia watoto kuomba chuo: alipwe, au tuendelee kumwambia ni wito?

Wadau tulijadili hili. Kila shule ya A-level ina yule mwalimu mmoja, anafundisha zake kemia au jiografia, ila matokeo ya form six yakitoka Julai simu yake haipumziki, madogo wengine bado wako kambini JKT (jeshi la kujenga taifa), dirisha la maombi la TCU (tume ya vyuo vikuu) liko wazi, la bodi ya mikopo nalo siku zinakatika, na yeye ndo anakimbizana na vyeti vya watoto wa watu. Msimamo wangu: hiyo ni kazi kamili, iingie kwenye ratiba, apunguziwe vipindi na apewe posho. Kumsifia kwenye mahafali kwamba ana moyo haitoshi.

Tangu 2017 walipoacha ule mfumo wa kuomba kwa pamoja, dogo anaomba chuo kimoja kimoja. Anaenda steshenari, kijana wa pale anajaza namba yake mwenyewe ya simu ili mambo yaende chapchap, baadaye dogo anachaguliwa vyuo viwili, namba ya siri ya kuthibitisha inaingia kwa kijana wa steshenari ambaye hata sura ya mteja keshaisahau. Hapo bado ya mkopo: cheti cha kuzaliwa kuhakikiwa RITA (wakala wa vizazi na vifo), na kama mzazi alifariki cha kifo nacho, halafu muhuri wa serikali ya mtaa.

BABA WAWILI: Napinga. Dogo wa miaka 19 anajua kusuka mkeka wa kubeti mechi kumi, ashindwe fomu? Wa kwangu mbona kajaza mwenyewe. Na mkianza kulipa hiyo posho mtaona, kila mwalimu atakuwa mshauri, michango itarudi kwa mlango wa nyuma na mzazi ndo atalipa. Halafu hao washauri wenyewe wengine wanamsukuma mtoto kwenye kozi wanayoitaka wao, eti ndo yenye mkopo.

CHAKI MKONONI: Mimi ni mwalimu, mnagombania Julai wakati maji yalishamwagika form four. Mtoto kaenda CBG (kemia, baiolojia na jiografia) kwa sababu rafiki zake wameenda CBG, miaka miwili baadaye ananiletea matokeo mazuri kabisa anataka udaktari. Udaktari wanataka fizikia, kemia na baiolojia, D tatu kwenda juu. Fizikia hana, nimshauri nini hapo? Anayetakiwa kulipwa ni yule anayekaa nao kipindi cha selform (fomu ya kuchagua masomo ya form five), na huyo mara nyingi yuko shule ya kata, ana mikondo minne na madaftari ya kusahihisha mpaka usiku.

Mwanzisha mada: Mwalimu hapo umenipiku, basi waanzie form four, sibishi. Ila Baba Wawili hoja ya mzazi kulipa siikubali, ada ya form five na six serikali ilifuta 2022, kwa hiyo posho itoke halmashauri, na anayechangisha achukuliwe hatua kama wachangishaji wengine. La kusukumiwa kozi ni kweli lipo, lakini akiwa na cheo rasmi angalau una pa kumshtaki, huyu wa kujitolea utamshtaki kwa nani? Na nikuulize, huyo wa kwako aliyejijazia fomu, alijaza peke yake?

BABA WAWILI: Alijaziwa na mama yake mdogo, anafanya kazi chuoni hapo hapo. Sasa hilo linahusiana nini na mada?