Kunyang'anywa chupa ya pilipili mbele ya baba mkwe: yule bibi wa kwa Waperu kanivunjia heshima

Wakuu salamu baadaye, nina hasira hapa mikono inatetemeka, nikikosea herufi mtanisamehe. Nimetoka sasa hivi pale kwa Waperu. Pale pale. Sitaji jina wasije wakaufuta uzi ila Wabongo wote wa Maryland mnapajua, penye picha kubwa ya Machu Picchu ukutani na tivii inayoonyesha mpira wa Lima saa zote. Na bibi mnamjua. Yule wa kaunta, anayevaa sweta hata mwezi wa nane.

Nimempeleka baba mkwe, katoka Tanga juzi, mzee wa watu kachoka vyakula vya kwenye boksi, nikasema leo ngoja ale kuku wa mkaa roho yake itulie. Tukaagiza kuku mzima, wali, maharage, ndizi za kukaanga na mihogo. Mzee alivyoiona ile mihogo ya kukaanga macho yakamlenga machozi, akaniambia "kumbe huku mnaishi vizuri baba". Mkwe ananisifia! Wangapi humu mmewahi kusifiwa na wakwe? Sasa ile sosi yao ya kijani ikaletwa kwenye chupa ya kuminya, mimi nikamwagia mihogo, maana mihogo ya kukaanga bila pilipili inaliwa na nani, nikamwagia kuku, nikamwagia na wali kidogo, nikawa namwonyesha mzee chupa inavyominywa, mara bibi huyo katoka nyuma ya kaunta, hajasema hola wala nini, AKACHOMOA CHUPA MKONONI MWANGU. Mkononi! Nilikuwa bado naminya wakuu, tone likaruka mpaka kwenye shati la mkwe.

Akaweka vikopo viwili, vile vya kupimia dawa ya kikohozi ya mtoto, akanionyesha kikaratasi ukutani, cha ziada senti 75. Pilipili inauzwa! Chipsi kuku nimekula toka niko shule, Sinza nimekula, Tanga nimekula, Moshi nimekula, sijawahi kuona mtu anauziwa pilipili, kachumbari unaongezewa na unaambiwa karibu tena kaka. Nikabisha. Akaitwa mjukuu wake atafsiri, yule dogo anayefanyiaga hesabu za shule kwenye meza ya mwisho. Dogo hata kichwa hakuinua kwenye daftari.

"Bibi anasema sosi siyo supu."

SOSI SIYO SUPU. Mbele ya baba mkwe. Mzee akaniinamia akaniuliza pole pole, "baba, kwani huku pilipili mnakopeshwa?"

Kuku alikuwa mtamu sikatai, nimemaliza na mabaki nimefungiwa, lakini chupa imetolewa MKONONI. Angeniita pembeni basi. Angenitoza faini. Mke wangu mpaka sasa hivi yuko chumbani na simu anacheka na mama yake, kwa hiyo Tanga nzima inajua. Naomba tupasusie pale kuanzia leo, au tuseme kuanzia Jumatatu maana Jumapili nimeshawaahidi watoto.

Mchuzi Mzito: Nimekaa hapa mbele na kikopo changu, endeleeni.

Binti Pangani: Sosi siyo supu 😂😂😂 nimecheka kazini mpaka bosi kageuka. Mleta uzi pole ila huyo dogo apewe ubalozi.

Wa Dirishani: Mimi nilikuwepo, meza ya dirishani. Mleta uzi kasahau kusema kwamba chupa ilikuja imejaa. Wakuu ule wali ulikuwa wa kijani, alikuwa anaukoroga na kijiko.

Mkwe Aliyedhalilishwa (mleta uzi): Muongo wewe! Kijani ilikuwa pembeni tu. Na swali langu ni moja na halijajibiwa, chupa ya mteja inachomolewa mkononi???

Mama Wawili: Mimi napika, namtetea bibi. Ile sosi unajua inavyotengenezwa? Giligilani fungu zima, pilipili, kitunguu saumu, ndimu, mayonezi, wengine wanatia na jibini, halafu kuna majani yao ya huacatay ambayo huku kuyapata ni kazi. Mtu kaamka alfajiri kaunguza blenda, wewe unakuja kuogea.

Mkwe Aliyedhalilishwa: Dada kwa hiyo ndio uchomoe mkononi?

Mama Wawili: Ningekuchomoa na wewe.

Profesa wa Sebuleni: Tuwekane sawa kidogo. Huyo kuku jina lake pollo a la brasa, na aliyemwanzisha alikuwa Mswisi, Roger Schuler, mwaka 1950 huko Santa Clara, nje kidogo ya Lima, sehemu inaitwa La Granja Azul. Ule mtambo wa kuzungushia kuku wengi kwa pamoja kaundiwa na mwenzake, Franz Ulrich. Leo Peru kuku huyo ana siku yake rasmi, Jumapili ya 3 ya Julai. Na hizo chipsi msisahau kwamba viazi vimelimwa kwenye milima ya Andes maelfu ya miaka kabla babu yako hajaviona. Bibi ana haki zote.

Mchuzi Mzito: Mwalimu kengele imeshalia.

Buda wa Laurel: Wee, nyinyi Watanzania mnalia juu ya pilipili? Mimi waliniletea samaki mbichi! Kwa menyu imeandikwa ceviche, picha inakaa poa, kumbe ni samaki wameikatakata wakaiweka ndimu na vitunguu na viazi vitamu kando. Nikaita yule kijana nikamwambia apeleke jikoni waiweke kwa moto dakika mbili tu. Familia yote ilitoka jikoni kuniangalia. Yote. Mpaka mwenye anaosha vyombo alikuja na povu kwa mikono.

Binti Pangani: Buda ndimu ndiyo iliyompika huyo samaki.

Buda wa Laurel: Ndimu haina gesi.

Mkwe Aliyedhalilishwa: Samahani wakuu, fungua uzi wako wa samaki. Hapa tunazungumzia chupa.

Kaka Mtanashati: Mimi kesi yangu ni ile soda ya njano, Inca Kola. Hiyo ni Big G imeyeyushwa. Nani aliipitisha?

Profesa wa Sebuleni: Wanaitengeneza Lima tangu 1935 na Waperu wanaipenda hivyo hivyo. Hukuulizwa.

Mama Wawili: Agiza chicha morada uwe na adabu, ile ya mahindi ya zambarau, mdalasini na karafuu ndani, utadhani imetoka Unguja.

Mzee wa Mishikaki: Mimi nilisifia mishikaki yao, ile anticuchos, nikamwita na jirani, mshkaki wa nne ndio naambiwa ni moyo wa ng'ombe. Nikaagiza tena, ila ningeambiwa mapema.

Wa Dirishani: Bora nyie wote mmekula. Mimi siku ile gari ilivutwa pale nje nikiwa ndani nasubiri kuku wa kubeba. Kuku yule kanigharimu kuliko mbuzi. Nimetembea na mfuko wa kuku unavuja mchuzi barabara nzima, mbwa wa watu wananifuata.

Binti Pangani: Subiri. Gari ile nyeusi? Ndani si kulikuwa na sufuria langu?

Wa Dirishani: Sufuria gani tena.

Binti Pangani: Lile kubwa la pilau nililowaazima kwa ajili ya pikiniki ya Julai! Mkasema mnalirudisha Jumatatu! Nimeuliza kwenye grupu mkaniwekea emoji!

Mkwe Aliyedhalilishwa: Wakuu turudi kwenye mada jamani, chupa ilikuwa mkononi kabisa, vidole vitano vyote

Mchuzi Mzito: Tulia kwanza mkuu, hili la sufuria ni zito.

Mama Wawili: Sufuria nililiona kwa yule jamaa aliyeleta mkaa. Mnamjua. Alikuwa analoweka nguo za watoto.

Binti Pangani: NGUO?? Sufuria la mama yangu, limetoka Pangani kwenye ndege!

Buda wa Laurel: Mfuniko uko kwangu. Sufuria siko nayo, sijui kitu.

Binti Pangani: Buda, mfuniko ulifikaje kwako bila sufuria?

Buda wa Laurel: Si nilibeba nyama. Nitauleta Jumamosi, lakini kwanza kuna mtu hajalipa pesa ya mbuzi ya hiyo pikiniki, na ndiye alikula mguu mzima.

Kaka Mtanashati: Taja jina.

Buda wa Laurel: Anajijua. Na saa hii yuko hapa anasoma.

Profesa wa Sebuleni: Mimi nilituma nusu, nusu nyingine nilikubaliana na mweka hazina.