"Imani ya Kristo" katika Wagalatia 2:16: ni imani yetu kwake, au ni uaminifu wake mwenyewe?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, naomba tujadili neno moja dogo la Biblia ya Kiswahili, yaani ile "ya" iliyokaa kati ya "imani" na "Kristo" katika Wagalatia 2:16. Union Version, iliyokamilika mwaka 1952 na ambayo wengi wetu tumeikariri tangu shule ya Jumapili, inasema kwamba mwanadamu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria, "bali kwa imani ya Kristo Yesu". Ukifungua Warumi 3:22 katika Biblia hiyohiyo, unakuta "imani katika Yesu Kristo". Msomaji asiyejua Kigiriki atadhani kwamba Paulo alisema mambo mawili tofauti, kumbe muundo ni uleule mahali pote pawili: neno *pistis* (imani au uaminifu), kisha jina la Kristo likiwa katika umbo la umilikishi, bila kihusishi chochote kati yake. Tofauti imeletwa na watafsiri. Biblia Habari Njema, kwa upande wake, imeuondoa utata huo kabisa kwa kuandika "kwa kumwamini Yesu Kristo".

Swali langu ni hili: katika aya hizo, mwenye imani ni nani? Je, ni sisi tunaomwamini Kristo, au ni Kristo mwenyewe aliyekuwa mwaminifu kwa Mungu hata msalabani? Kiswahili chetu, kama Kigiriki, kinaruhusu yote mawili. Tukisema "mapenzi ya mama", huenda mama ndiye anayependa, na huenda ndiye anayependwa. Mpaka sentensi iendelee ndipo tujue.

Mimi nasimama upande wa uaminifu wa Kristo, na sababu yangu ya kwanza imo ndani ya Warumi yenyewe. Katika sura ya 3 aya ya 3, Paulo anauliza kama kutokuamini kwa watu kutaubatili uaminifu wa Mungu, na neno alilotumia hapo ni *pistis* lilelile. Hakuna mtafsiri aliyewahi kuandika "imani katika Mungu" mahali hapo, kwa sababu maana ingeharibika. Aya kumi na tisa baadaye neno hilo linarudi likiwa na jina la Kristo, na ghafla tunaambiwa kwamba sasa ni imani yetu. Kisha katika 3:26 Paulo anamtaja mtu aliye "wa imani ya Yesu", na katika 4:16 anamtaja aliye "wa imani ya Ibrahimu", kwa maneno yaliyopangwa sawasawa katika Kigiriki. Union Version inaandika "imani ya Ibrahimu" bila wasiwasi, maana kila mtu anajua kwamba Ibrahimu ndiye aliyeamini. Lakini katika 3:26 imeandika "yeye amwaminiye Yesu". Ningependa kusikia kwa sababu gani ya kisarufi mwana anyimwe kile alichopewa babu.

Sababu ya pili ni Habakuki 2:4, andiko ambalo Paulo analitegemea katika Warumi 1:17 na Wagalatia 3:11. Kwa Kiebrania mwenye haki ataishi kwa imani *yake*. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki iitwayo Septuaginta, Mungu ndiye anayesema, naye anasema "imani *yangu*", yaani uaminifu wa Mungu. Paulo amekiondoa kimilikishi chote na kuliacha neno likiwa tupu: "Mwenye haki ataishi kwa imani." Mtu aliyejua Maandiko kama alivyoyajua Paulo hakufanya hivyo kwa kupitiwa.

Tena neno la Kiebrania lililopo hapo, *emuna*, si wazo la kichwani. Katika Kutoka 17:12 linatumika kwa mikono ya Musa iliyokaa imara mpaka jua likachwa. Ni uthabiti. Wakati wowote Paulo anapozungumzia wokovu kwa kirefu, anaelekeza macho kwenye uthabiti wa namna hiyo wa Kristo: "kwa kutii kwake mmoja" katika Warumi 5:19, na kutii "hata mauti" katika Wafilipi 2:8.

Mjadala huu si wa jana. Martin Luther, katika tafsiri yake ya Kijerumani, alichagua "imani katika". Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilibaki na "imani ya". Tangu mtaalamu wa Agano Jipya Richard Hays alipoutetea uaminifu wa Kristo katika utafiti wake kuhusu Wagalatia mwaka 1983, wataalamu wamegawanyika waziwazi, na James Dunn akawa miongoni mwa waliompinga kwa nguvu zaidi. Tafsiri ya Kiingereza ya NRSV ya mwaka 1989 iliweka "katika" ndani ya matini ya Warumi 3:22 na "ya" kwenye tanbihi. Toleo lake la mwaka 2021 limevibadilishana nafasi. Basi na sisi tuseme: Biblia zetu zijazo ziandike nini?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, salamu katika Bwana. Mimi ni mwinjilisti katika usharika wa Kilutheri, kwa hiyo huenda utasema kwamba namtetea baba wa nyumba. Hata hivyo nitabaki kwenye maandiko.

Kwanza, umeinukuu Wagalatia 2:16 nusu. Katikati ya aya hiyo Paulo anasema: "sisi tulimwamini Kristo Yesu". Hapo pana kitenzi, na kitenzi hakina utata: sisi ndio watendaji, Kristo ndiye anayeaminiwa. Paulo anatumia kitenzi hicho kwa namna hiyo tena katika Wafilipi 1:29. Je, unaweza kunionyesha mahali pamoja tu katika nyaraka zake ambapo Yesu ndiye mtendaji wa kitenzi "kuamini"? Hapapo. Mtu anayetaka kulifanya wazo hilo kuwa nguzo ya fundisho la kuhesabiwa haki anapaswa kueleza kwa nini Paulo hakulisema hata mara moja kwa kitenzi.

Pili, watu wa upande wako hupenda kusema kwamba "imani katika Kristo kwa wote waaminio" ni kurudia jambo lilelile bila sababu. Lakini katika Wagalatia 2:16 hiyohiyo Paulo ametaja "matendo ya sheria" mara tatu! Mtu anayerudia upande mmoja wa mizani mara tatu, kwa nini asirudie na upande wa pili? Hiyo ni namna ya mhubiri anayepigilia msumari.

Tatu, umilikishi wa aina ninayoitetea upo katika Agano Jipya bila ubishi. Katika Marko 11:22 Kigiriki kinasema "iweni na imani ya Mungu", na Union Version imeandika kwa usahihi "Mwaminini Mungu". Yakobo 2:1 inataja "imani ya Bwana wetu Yesu Kristo", na anayeambiwa awe nayo bila kupendelea watu ni msomaji, si Yesu.

Mwisho, nina hofu ya kichungaji. Mkristo aliyeketi kwenye benchi akiambiwa kwamba kilichomwokoa ni uaminifu wa Kristo, atauliza yeye afanye nini, na jibu la Paulo siku zote limekuwa: amini. Tukiliondoa jibu hilo katika aya zinazolibeba, tutakuwa tumebakiwa na nini?

Mchangiaji wa pili

Nimewasoma nyote wawili kwa makini. Mimi ni Mkatoliki, nafundisha Kiswahili huku Pwani, na ningependa kuwarudisha kwenye lugha, kwa sababu mnajadili Kigiriki kana kwamba Kiswahili ni bomba la kupitishia maji tu.

Neno "imani" limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni uleule wa *emuna* aliyoitaja mleta mada. Angalieni ukoo wake katika lugha yetu: amini, amana, uaminifu, amani, na "amina" tunayofungia sala. Kwa hiyo "imani" na "uaminifu", ambavyo kwa Kiingereza na Kijerumani huonekana kama vitu viwili, kwetu vimetoka tumbo moja. Zaidi ya hayo, mzee wa Pwani akikuambia kwamba fulani "hana imani", mara nyingi hazungumzii dini hata kidogo. Anasema mtu huyo hana huruma. Mtu wa namna hiyo akisikia "imani ya Mwana wa Mungu, ambaye alinipenda, akajitoa nafsi yake kwa ajili yangu", kama ilivyoandikwa katika Wagalatia 2:20, anasikia kitu ambacho kaka mwinjilisti na mleta mada hamjakitaja, nacho kinaingia vizuri mno katika sentensi ile.

Lakini lipo tatizo ambalo mleta mada amelipita haraka. Kwa Mswahili wa leo, "imani ya" hufuatwa na jina la dini au la mwenye dini. Wapo wengi wanaosikia "imani ya Kristo" kama "dini ya Kikristo", wakahitimisha kwamba Paulo anasema mtu huhesabiwa haki kwa kuwa Mkristo. Maana hiyo haimo katika Kigiriki kwa upande wowote wa ubishi wenu. Ukiacha "ya" kwa kuogopa kuchagua, hujaacha mlango wazi kwa maana mbili tu. Umeingiza na ya tatu ambayo haikualikwa.

Mleta mada

Nawashukuru wote wawili. Nianze na mwalimu: nakubali, dada yangu. Nilikuwa nimekusudia kupendekeza kwamba Warumi 3:22 ifanywe kama Wagalatia, yaani iandikwe "imani ya Yesu Kristo" na kuachwa hivyo. Hoja yako ya maana ya tatu imenifanya nione kwamba pendekezo hilo lingemfaa msomaji mwenye kamusi na kumwacha gizani msikilizaji wa kawaida. Ufunuo 14:12 inawataja wazishikao "amri za Mungu, na imani ya Yesu", na ndugu zetu Wasabato, wanaoipenda sana aya hiyo, watakuwa mashahidi kwamba maneno hayo matatu hayajawahi kujieleza yenyewe.

Kwa mwinjilisti: hoja yako ya kitenzi ndiyo nzito kuliko zote nilizowahi kukutana nazo, wala sina jibu la kuimaliza. Ninaloweza kusema ni kwamba Paulo pia hamfanyi Mungu kuwa mtendaji wa kitenzi "kuamini" kwa maana ya kuwa mwaminifu, na bado katika Warumi 3:3 anataja *pistis* ya Mungu. Nomino ina upana ambao kitenzi hakina. Marko 11:22 naikubali, ila Marko si Paulo. Ama kuhusu hofu yako ya kichungaji, naona umeielekeza kusikohusika, kwa kuwa mimi siondoi "sisi tulimwamini Kristo Yesu". Aya inabaki nayo. Ninachosema ni kwamba tulimwamini aliyekuwa mwaminifu, na kwamba Paulo alizitaja zote mbili katika aya moja kwa sababu moja inaisimamia nyingine.

Tazama pia Waebrania 12:2, ingawa si ya Paulo. Union Version inamwita Yesu mwenye kuanzisha na mwenye kutimiza "imani yetu". Neno "yetu" halimo katika Kigiriki. Baada ya sura nzima ya 11 kuwaorodhesha walioishi kwa imani, kuanzia Habili, mwandishi anamweka Yesu mwishoni mwa msafara huo kama mkuu wa wenye imani. Watafsiri wakaongeza silabi mbili, na msafara ukakatwa kabla hajafika.

Pendekezo langu jipya, basi, ni hili: katika Warumi 3:22 na Wagalatia 2:16 matini iandike "uaminifu wa Yesu Kristo", na tanbihi chini ya ukurasa iseme "au: kwa kumwamini Yesu Kristo".

Mchangiaji wa kwanza

Ningeipokea tanbihi hiyo leo hii, ndugu yangu, kama ungekubali kuvibadilishana nafasi. Usharikani kwetu tunasoma kwa sauti, na hakuna asomaye tanbihi.