Ngumi za muvi za mashujaa: mbona zetu zinapita hewani?

Swali
Wakuu, lile pigano la kwenye lifti katika Captain America: The Winter Soldier (2014), watu wamebanana kama daladala ya jioni, ngumi na viwiko kila upande, na zote zinaonekana zimeingia. Sisi kamera moja, lenzi ya milimita 24, tunarekodi kutoka ubavuni mwa wanaopigana. Ngumi zinaonekana za uongo. Tatizo nini?

Jibu 1
Umeshalitaja mwenyewe: ubavuni. Hapo pengo kati ya ngumi na shavu liko wazi. Weka kamera nyuma ya bega la anayepigwa, au la anayepiga, ili ngumi, uso na lenzi vikae mstari mmoja. Ngumi ikipita sentimita 20 mbele ya pua, hakuna atakayeiona nafasi hiyo. Rudi nyuma na lenzi ya 50 hadi 85, waonekane wamekaribiana zaidi.

Tumia ngumi ya kuzunguka, inayokatiza fremu toka upande mmoja hadi mwingine. Halafu anayekula ngumi ndiye mwenye kazi: kichwa kigeuke ngumi inapofika usawa wa uso. Akitangulia, kaharibu, akichelewa, watu wanacheka.

Jibu 2
Naongezea kasi. Rekodi fremu (picha moja moja) 22 kwa sekunde, cheza kwa 24: mwendo unaongezeka kama asilimia 9. Ukishuka hadi 20 ni asilimia 20, na nguo na nywele zitakusaliti.

Shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde inaacha ukungu kwenye mkono. Panda 1/100, pigo linakuwa kali. Ila usiweke 1/125 chini ya taa za umeme wetu wa hezi 50. Taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, picha itachezacheza.

Jibu 3
Mapigano ya namna hiyo hayatungwi siku ya kurekodi. Watu wa stanti (wanaocheza sehemu za hatari) huyacheza kwanza jimu, maboksi yakiwa kuta, wanarekodi na kuhariri, ndipo kila shoti inajulikana. Gawa mapigo 3 hadi 6 kwa shoti, kata. Kwenye kuhariri, toa fremu 2 au 3 pale ngumi inapofika. Jicho linajazia lenyewe. Kutikisa kamera ili kuficha uvivu wa mazoezi, hapana.

Mtu akirushwa ukutani, ana mkanda chini ya nguo, na waya zimefungwa nyongani au mgongoni. Mvuto wa waya ukitangulia teke, anaonekana kabebwa na jini. Rekodi pia mandhari tupu, kamera ikiwa palepale, maana waya hufutwa kwa kutumia picha hiyo.

Muulizaji
Shukrani wakuu. Sasa lenzi ya 85 kwenye chumba cha mita 3 inakaaje?

Jibu 1
Haikai. Seti za muvi kubwa hujengwa ukuta mmoja ukiwa wa kuondoleka. Wewe fungua mlango, simama koridoni, tumia 50.