Tairi la nyuma limelala kwa ndani na gari linavuma: nibadilishe beringi au ekseli nzima?

Kigari Chekundu

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na miguu ya nyuma, maana nimeshatengeneza mara moja na tatizo liko pale pale.

Gari ni hatchback ndogo ya milango mitano, inavutwa na matairi ya mbele, breki za nyuma ni za dramu. Nyuma hakuna springi za kuzunguka kama nilizozoea kuona. Kuna bomba nene limelala chini kutoka upande huu hadi ule, na kila upande mkono wa chuma umeshika tairi.

Kilianza mvumo. Nikifika kilomita 60 kwa saa nasikia "vuuuu" nyuma kulia, nikiongeza mwendo nao unapanda. Fundi akasema beringi ya tairi imekufa. Ikafungwa mpya na nati yake mpya. Nimetoka gereji, mvumo ni ule ule.

Juzi nimeegesha kwenye sakafu ya sementi, nikasimama nyuma ya gari kwa mbali kidogo. Tairi la kulia limelala, juu limeingia ndani na chini limetoka nje. La kushoto limelala pia, ila kidogo sana. Nikapitisha kiganja kwenye lile la kulia: upande wa nje kashata ni nzima, upande wa ndani ni kipara, na katikati vipande vimechongoka, ukipeleka mkono mbele vinateleza, ukirudisha vinakwaruza kama meno ya msumeno. Nikipita kwenye tuta, nyuma panalia "kwii".

Fundi wa kwanza sasa anasema nipeleke alaimenti, wapime na kunyoosha mkao wa matairi. Wa pili anasema ekseli yote, yaani lile bomba na mikono yake, itoke, iwekwe iliyotumika. Nimsikilize nani?

Dada Spana

Pole sana. Alaimenti weka pembeni kwanza. Kwa muundo huo, ulalo wa tairi la nyuma hauna bolti ya kurekebisha. Tairi likilala maana yake kuna kitu kimelika au kimepinda, na mashine ya alaimenti itakuonyesha tu kwamba limelala, jambo ambalo umeshaliona kwa macho.

Fanya hivi kabla hujatoa hela tena. Weka kabari matairi ya mbele, pande zote, na gari liwe kwenye gia. Handibreki usiitegemee, inashika matairi ya nyuma na wewe unayanyanyua. Piga jeki, weka stendi, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, mkono mmoja unasukuma mwingine unavuta. Mwenzio awe na tochi, aangalie kwa ndani. Dramu ikicheza huku mkono wa chuma umetulia, ni beringi ya tairi. Mkono wote ukicheza pale unapoingia kwenye bomba, basi ni beringi za ekseli, na hizo ni kitu kingine kabisa.

Safari Ndefu

Mimi nilishauriwa ekseli iliyotumika nikafunga. Ilikuwa rahisi, siku moja tu gari liko barabarani. Ila iliyokuja ilitoka kwenye gari la umri ule ule, na haukupita mwaka tairi likaanza kulala tena. Ukiamua njia hiyo, ishike kwa mikono yako kabla hujalipa. Tikisa kila mkono, uzungushe juu na chini, sikiliza kama unakwaruza.

Mzee wa Grisi

Mwanangu, huyo dada amekuelekeza vizuri. Naomba niongeze kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela.

Ndani ya hilo bomba, kila mkono una shafti yake fupi nene, na shafti hiyo inakaa juu ya beringi mbili za sindano, zile zenye vyuma vyembamba badala ya gololi, moja mdomoni mwa bomba na nyingine ndani zaidi. Springi yako ni chuma cha msokoto, fimbo inayojisokota mkono ukipanda, kilicholala mbele au nyuma ya bomba. Ni muundo mzuri. Peugeot 205 ya mwaka 1983 ilikuwa nao, 206 ya mwaka 1998 ikaurithi. Shokapu zinalala karibu sambamba na sakafu, kwa hiyo buti linakuwa pana na chini.

Sasa zingatia hili. Beringi ya tairi inazunguka mzunguko mzima. Hii ya ekseli haizunguki, inapepea tu nyuzi chache juu na chini kila gari linapopita kwenye bonde au tuta. Sindano zile zile zinapiga mahali pale pale maisha yake yote. Grisi ikiwepo, zinadumu miaka mingi. Sili ya mdomoni ikichoka, maji yanaingia, grisi inasafishwa, kutu inaanza, na sindano zinachimba mifereji kwenye shafti. Ndiyo hiyo "kwii" yako. Shafti ikishapata nafasi, mkono unainama na tairi linalala.

Na kwa kuwa beringi hii haizunguki, haiwezi kuvuma. Mvumo wako naamini unatoka kwenye tairi lenyewe. Tairi lililoliwa meno ya msumeno linavuma sawasawa na beringi mbovu, hata fundi mzoefu anadanganyika. Funga tairi la akiba hapo nyuma kulia, kama ni la kipimo kile kile, uendeshe mwendo ule ule. Ukipotea mvumo, umepata jibu.

Kigari Chekundu

Shikamoo mzee wangu, asante sana. Dada, nawe asante.

Nimefanya yote mawili leo asubuhi. Tairi la akiba: mvumo umekatika kabisa, hadi nimesimamisha gari nikashuka kuhakikisha ni lile nililofunga. Kwenye jeki: dramu imetulia, mkono ndio unacheza. Mdogo wangu aliyeshika tochi anasema pale mkono unapokutana na bomba kuna unga mwekundu kama tofali lililosagwa, na kila nikisukuma unadondoka kidogo.

Kwa hiyo beringi ya tairi iliyobadilishwa haikuwa na kosa. Imeniuma. Swali langu sasa: nikinunua beringi na sili tu, zinatosha?

Mzee wa Grisi

Marahaba. Huo unga ni shafti yako inasagika. Beringi peke yake hazitoshi. Ukiweka sindano mpya juu ya shafti yenye mifereji, zinakaa kwenye mashimo yale yale na baada ya muda mfupi umerudi hapa. Nunua seti yenye shafti, beringi na sili, na ufanye pande zote mbili hata kama kushoto hakujafika mbali. Maji yameingia bomba lile lile.

Kitakachoamua kama ekseli nzima itupwe ni bomba. Mkikung'uta beringi za zamani, safisheni ndani ya bomba mpaka chuma kiwe cheupe, kisha jaribu beringi mpya kwa mkono. Inatakiwa ikatae, iingie kwa presi au kwa kugongwa taratibu na bomba la kipimo chake. Ikiingia kwa kusukuma na kidole gumba, bomba limekwisha, hapo ndipo ununue ekseli iliyofanyiwa ukarabati. Usiruhusu mtu akubandikie kwa gundi au vipande vya kopo.

Dada Spana

Nikazie upande wa kazi yenyewe, maana nimeona ikiharibiwa.

Shokapu ikishatoka na mkono umening'inia bila mzigo, pimeni umbali kati ya matundu mawili ya bolti za shokapu, andikeni. Kabla ya kugusa chuma cha msokoto, pigeni alama ya nukta kwenye chuma na kwenye mkono, pande zote. Kina meno kwenye ncha, na ukikirudisha jino moja pembeni gari litainama upande. Cha kushoto na cha kulia visibadilishane. Kwenye kichwa chake kuna tundu la hesi la kuvutia kwa nyundo ya kuteleza, na kama kimeshika kutu kinaweza kuwapotezea nusu siku. Pakeni mafuta ya kulainisha kutu jana yake.

Shafti ya zamani haitoki kwa nyundo. Peleka mkono penye presi kubwa.

Bomba likiwa tupu, watu wengine wanatoboa na kuweka kichwa cha kupigia grisi. Mimi naunga mkono, ila kutoboa kufanyike kabla beringi hazijaingia, vumbi la chuma lifutwe lote. Mwisho mtoe hewa kwenye breki, na bolti za shokapu zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa matairi yake, ili raba zisikazwe zikiwa zimejipinda.

Safari Ndefu

Na usiendelee kuliendesha hivyo. Tairi langu mwishoni lilianza kugusa bodi kwa juu nikipakia abiria nyuma.

Kigari Chekundu

Narudi na mrejesho, imepita wiki mbili.

Tumefungua. Kulia, beringi ya mdomoni haikuwa beringi tena, sindano zilitoka kama unga na vipande, nikahesabu nne tu zilizobaki na umbo. Shafti ina mifereji ambayo ukucha unaingia na kukwama. Beringi ya ndani kabisa ilikuwa bado na grisi. Kushoto tumekuta mikwaruzo tu, sili imepasuka.

Bomba limepona. Beringi mpya zilikataa kwa mkono pande zote mbili, na fundi wa pili, yule aliyetaka ekseli itoke, alizijaribu mwenyewe mara mbili kisha akasema basi tuendelee na hili. Chuma cha msokoto cha kulia kilitusumbua kweli hadi jioni.

Sasa matairi ya nyuma yamesimama. Nimefunga mawili mapya, tuta linapita kimya, kilomita 80 kwa saa nasikia upepo tu. Kimebaki kitu kimoja: handibreki inavuta juu sana, tumesahau kukaza waya zake. Kesho linarudi gereji kwa hilo.

Dada Spana

Kabla ya kukaza waya, waambie wafungue dramu waangalie marekebisho ya kiatu cha breki kwanza. Waya ndio wa mwisho.