Wii ya Japani iliyochakachuliwa, diski ya Ulaya inadai sasisho. Naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara, Chikongola. Nina Wii (mashine ya michezo ya video ya Nintendo) ya mtumba kutoka Japani, niliinunua ikiwa tayari imechakachuliwa, yaani imefunguliwa iendeshe programu zisizo rasmi. Menyu yake, yaani programu kuu ya mfumo, ni toleo la 4.1J (J ni ya Japani). Juzi shemeji kaniletea diski halisi ya Ulaya kwa ajili ya wanangu, nikaiweka, ikadai kwanza nisasishe mfumo. Nimekataa, diski nikaitoa.

Hofu yangu ni kwamba sasisho la diski hiyo linabeba menyu ya Ulaya, ile yenye herufi E. Ikijiandika kwenye mashine ya Japani, mashine inaweza kuwaka lakini mipangilio isifunguke, au isiwake tena kabisa. Na BootMii yangu (programu ya kuchukua na kurudisha bakapu ya mashine) imekaa upande wa IOS tu (programu ya mfumo, inayofikiwa kupitia menyu), siyo boot2 (hatua ya awali ya kuwaka, kabla ya menyu), kwa hiyo isipofika kwenye menyu sina njia ya kurudisha bakapu. Bakapu yenyewe ninayo, MB 512, nimeihifadhi kwenye kompyuta.

Halafu umeme. Adapta yake ni ya volti 100, naipitishia kwenye transfoma, na huku umeme ukikatika katikati ya kuandika ndiyo basi tena.

Je, niweke Priiloader (programu inayotangulia menyu wakati wa kuwaka) nizuie sasisho za diski, nibaki na 4.1J? Au nipande 4.3J, ambayo ni toleo la mwisho, la mwaka 2010? Aliyewahi kufanya kwa mashine ya Japani anielekeze alianzia wapi. Wanangu wananiuliza kila jioni, na sitaki kuwaulia mashine.