Tupeane uzoefu: mchezo wa baridi ulioucheka, kisha ukakunasa

Mkwere wa Winnipeg:
Wakuu, heshima kwenu. Niko Winnipeg, Kanada, mwaka wa tatu sasa. Januari hapa ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri hata kope zinagandana, na ukitoka zamu ya usiku hamu yako ni chai na blanketi tu. Jumamosi moja mama mmoja tunayefanya naye kazi akanipigia simu: wamepungukiwa mtu, niende nikawasaidie kufagia. Nikamuuliza kwa saa wanalipa ngapi. Alicheka mpaka akakohoa.

Kumbe ni kalingi, ule mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu. Nilikuwa nikiuona kwenye runinga nabadilisha chaneli. Siku hiyo nikapewa kiatu kimoja chenye soli ya kuteleza, mguu wa pili unakanyaga kipande cha mpira kilichokazwa kwenye barafu, unajisukuma hapo huku umechuchumaa, jiwe mkononi. Lina mpini juu kama birika, na uzito wake ni kati ya kilo 17 na 20. La kwanza, jiwe lilikwenda mimi nikabaki. La pili, jiwe likabaki nikaenda mimi, kwa tumbo.

Kilichoninasa ni ufagio. Ile barafu si laini kama kioo: kabla ya mechi hunyunyiziwa matone ya maji yanayoganda kuwa vipele, na jiwe likipita juu yake linanguruma kama lori la mbali usiku. Ukisugua mbele yake barafu inapata joto kidogo, jiwe linakwenda mbali zaidi na halipindi sana. Basi nahodha kasimama upande wa pili, zaidi ya mita 35, anapiga kelele "Fagia! Fagia!" Nikafagia kama siku ya mkesha wa Idi. Jiwe lilishaanza kufa, likajivuta, likajivuta, likaingia kwenye duara la shabaha. Wazee wa watu wakanipigia makofi. Tangu Novemba hakuna mtu aliyekuwa amefurahi kuniona kiasi kile.

Nani mwingine yamemkuta? Tiririkeni.

Kinyozi wa Gongo la Mboto:
Mkuu, nyumbani ufagio ulikuwa unamwachia dada yako, leo umepanda ndege mbili ukafagie barafu ya wazungu 😂

Mkwere wa Winnipeg:
Na ada ya uanachama nalipa mwenyewe. Endelea kucheka.

Bi Kirembwe:
Assalaam aleikum. Mie nipo Ayr, Uskoti, pwani kabisa. Siku kukiwa kweupe nakiona kisiwa cha Ailsa Craig, kimekaa baharini kama sinia iliyofunikwa kawa. Nilikitazama miaka bila kujua kuwa granaiti yake ndiyo inayochongwa mawe ya Olimpiki. Niliyajua hayo siku nilipompeleka mwanangu kalingi na wenzake wa shule, nikakaa pembeni na mtandio wangu na glovu mbili mbili. Bibi mmoja mwenye umri wa mama yangu akanambia njoo. Nikamwonesha magoti. Akaniletea fimbo ndefu ya kusukumia, unasukuma jiwe wima wima bila kuinama. Wallahi jiwe langu la tatu lilisimama katikati.

Tulifungwa vibaya. Lakini desturi yao walioshinda ndio wanaowanunulia vinywaji walioshindwa, nikaletewa chai ya maziwa na kipande cha keki. Sasa mtoto ameshaacha, mie bado naenda.

Omosh wa Minnesota:
Hapa ilianza 2018, Marekani waliposhinda dhahabu ya Olimpiki kule Pyeongchang, Korea Kusini, na nahodha wao John Shuster. Timu yenyewe ilikuwa ya klabu ya Duluth, hapa hapa jimboni, kwa hivyo kazini kila mtu akawa mtaalamu. Mimi nilielewa haraka juu ni kama bano, yaani gololi: mwenye jiwe la karibu zaidi na kitovu ndiye anapata pointi, na anahesabu tu yale yaliyo karibu kuliko jiwe bora la mpinzani. Mwingine hapati kitu.

Sasa, mwaka jana tuko sare, raundi ya mwisho, ufagio wangu ukagusa jiwe letu. Kidogo tu. Hakuna aliyeona, na refa hayuko kwa mechi zetu. Nikasema "nimeligusa" kwa sauti ya chini nikitumaini hawatasikia. Nahodha wetu mwenyewe akalisimamisha na kulitoa. Tukapoteza. Bado inaniuma, sitadanganya.

Papa Jado:
Mimi nilijaribu huku Edmonton mara moja. Nilianguka, kiwiko kikavimba wiki mbili. Nilirudia mpira wa ndani. Lakini ile kelele ya mawe kugongana, hapo nakubali, ni tamu.

Kinyozi wa Gongo la Mboto:
Haya, tuseme nimekuja huko. Navaa nini?

Mkwere wa Winnipeg:
Usivae jinzi, hutachuchumaa. Suruali inayovutika, sweta jepesi maana ukifagia utatoka jasho, na viatu visafi ulivyobeba mkononi. Punje moja ya mchanga inaharibu mwendo wa jiwe, na utatazamwa vibaya.

Niwaache, mechi saa moja usiku. Nimepandishwa cheo, natupa mawe mawili ya kwanza. Mengine sita nafagia.